Mfuatano, Mfululizo na Alfabeti Yetu: Uhakiki wa Lugha ya Maswali ya Herufi na Namba

1. Utangulizi

Miezi michache iliyopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi alifika ofisini kwetu akiwa na kijitabu cha mazoezi na karatasi ya majibu ya mwanafunzi wake. Kijitabu hicho kilikuwa kimetafsiriwa kutoka Kiingereza. Kilikusudiwa kuwazoeza watoto maswali yale ambayo mtahiniwa hupewa herufi au namba chache zilizopangwa kwa kanuni fulani, akatakiwa ataje ile inayofuata. Swali lililomleta mwalimu lilikuwa hili:

J, L, N, P, ___

Mwanafunzi alijibu S. Kitabu, katika ukurasa wake wa majibu, kilisema R. Mwalimu alimwekea mtoto alama ya kosa kama kitabu kilivyoelekeza, kisha akamwuliza amefikaje kwenye S. Mtoto akaeleza kwamba aliruka herufi moja moja: kati ya J na L aliruka K, kati ya L na N aliruka M, kati ya N na P aliruka O, na baada ya P akairuka R, akaangukia S.

"Sasa, ndugu," mwalimu akatuuliza, "mtoto huyu amekosa nini?"

Kwa hakika hakukosa kitu. Katika alfabeti ya Kiswahili P hufuatwa na R. Herufi Q, ambayo kitabu kilimtaka airuke, haimo. Mtoto aliitumia kanuni sawasawa juu ya mpango wa herufi wa lugha iliyoandikwa kwenye jalada la kitabu. Aliyeandaa majibu aliitumia juu ya mpango wa herufi wa lugha nyingine, wala hakusema.

Makala haya yanakusudia kuihakiki lugha ya maswali ya aina hii kama inavyojitokeza katika tafsiri za Kiswahili: majina yake, maagizo yake na maelezo ya njia za kuyajibu. Hoja yetu ni kwamba swali la mfuatano hupima kufikiri pale tu ambapo anayeuliza na anayeulizwa wana mpango mmoja wa vitu, na wanajua kwamba wanao. Mpango huo usipotajwa, swali hupima jambo lingine kabisa, na anayeumia ni mtahiniwa.

2. Chimbuko la maswali haya

Maswali ya mfuatano yamo katika majaribio ya kupima akili tangu zamani. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi lake liliandaliwa jaribio la maandishi la kuwapima askari wapya, na sehemu moja ya jaribio hilo ilikuwa ya kukamilisha mifuatano ya namba. Kwa askari wasiojua kusoma, au wasiojua Kiingereza, liliandaliwa jaribio la pili lililotumia picha na ishara. Basi tangu mwanzo watungaji walikwisha kufahamu kwamba lugha yaweza kuwa kizuizi mbele ya akili.

Hata hivyo, fahamu hiyo haikuzuia madhara. Mwaka 1923 Carl Brigham alichapisha kitabu ambamo aliyatumia matokeo ya majaribio hayo kudai kwamba wahamiaji kutoka baadhi ya nchi za Ulaya walikuwa na akili pungufu. Mwaka 1930 yeye mwenyewe aliyakana madai yake, akakiri kwamba majaribio ya namna hiyo hayawezi kulinganisha watu wa mataifa na lugha mbalimbali. Lakini kufikia hapo sheria ya mwaka 1924 ya kubana uhamiaji ilikwisha kupita.

Mifuatano ya herufi nayo ilitumiwa na L. L. Thurstone katika majaribio yake ya uwezo wa akili ya miaka ya 1930. Mwaka 1963 Herbert Simon na Kenneth Kotovsky walichunguza jinsi mtu anavyoitatua mifuatano hiyo. Maelezo yao yanatuhusu sana sisi watu wa istilahi, kwa kuwa walihesabu alfabeti kuwa kitu ambacho mjibuji lazima awe nacho kichwani kabla hajaanza kazi. Akiwa nayo, hutafuta mambo machache tu: herufi ipi inajirudia, ipi inafuata ipi, na mpango unajirudia baada ya nafasi ngapi. Asiye na alfabeti hiyo, au aliye na nyingine, hana pa kuanzia.

3. Jina la swali

Kijitabu tulichopelekewa kiliyaita maswali yote haya "mfululizo wa namba" na "mfululizo wa herufi". Neno hilo limeenea, lakini halifai, na sababu imo ndani ya neno lenyewe. Kufululiza ni kwenda bila ya kusita. Twasema mvua imenyesha siku tatu mfululizo tukiwa na maana kwamba hapana siku iliyopita kavu katikati. Mwalimu wa hisabati naye akisema, "Tafuta namba tatu mfululizo ambazo jumla yake ni 24," mwanafunzi hujibu 7, 8 na 9. Hathubutu kujibu 6, 8 na 10, ijapokuwa nazo zafanya 24.

Sasa mwanafunzi huyohuyo apewe 3, 7, 15, 31 na kuambiwa kuwa huo ni "mfululizo wa namba". Namba hizo hazikufululiza. Zimeachana, na kuachana kwake ndiko kunakoulizwa. Jina la swali linampa habari isiyo ya kweli kabla hajalisoma swali.

Neno lifaalo ni "mfuatano". Kufuatana ni kwenda mmoja nyuma ya mwingine, wawe karibu au mbali. Neno halisemi lolote juu ya nafasi iliyopo kati yao, nalo laacha kanuni itafutwe. "Msururu", linalotumiwa na baadhi ya waandishi, lafaa zaidi kwa watu au magari yaliyojipanga njiani, wala hatuoni haja ya kulihamisha.

Kosa la pili la jina ni kuchanganya "namba" na "tarakimu". Agizo moja kitabuni lilisomeka, "Andika tarakimu inayokosekana: 4, 7, 12, 19, 28, ___." Jibu ni 39. Lakini 39 si tarakimu; ni namba yenye tarakimu mbili. Mtahiniwa makini, tena hasa yule makini, ataitafuta tarakimu moja, naye hataiona. Tarakimu ni zile alama kumi, 0 hadi 9, ambazo kwazo namba huandikwa. Kwenye maswali haya linalotakiwa karibu kila mara ni namba, au nambari kama wasemavyo wenzetu wa Kenya.

Kuhusu jina la jaribio zima, tungeshauri tahadhari. "Jaribio la akili" ni tafsiri nyepesi, lakini katika Kiswahili akili si wepesi wa kukokotoa peke yake. Ni pamoja na busara na mwenendo wa mtu. Anayeambiwa ameshindwa jaribio la akili huambiwa neno zito kuliko alilokusudia mtungaji. "Jaribio la kufikiri" lasema lililokusudiwa, wala halimvunjii mtu heshima.

4. Lugha ya njia za kutatua

Hapa ndipo maelezo ya vitabu yanapolegea zaidi, ingawa istilahi za hisabati za shule ya msingi zinatosha kabisa kwa kazi hii.

Njia ya kwanza ya kuukabili mfuatano wa namba ni kutafuta tofauti kati ya kila namba na ile inayoitangulia. Katika 4, 7, 12, 19, 28 tofauti ni 3, 5, 7, 9. Tofauti zenyewe haziko sawa, bali zinaongezeka kwa 2 kila mara. Hizo za pili twaziita tofauti za tofauti. Inayofuata ni 11, na 28 kuongeza 11 ni 39. Namba zikikua upesi mno hata tofauti zisisaidie, mjibuji ajaribu kuzidisha, au aangalie kama ni vipeo vya pili (1, 4, 9, 16, 25) au namba tasa (2, 3, 5, 7, 11, 13). Namba zikipanda na kushuka, azitazame zile zilizo katika nafasi witiri peke yake na zilizo katika nafasi shufwa peke yake.

Kijitabu chetu kiliyaita maswali mawili yafuatayo kwa jina moja, "mfululizo mchanganyiko":

2, 30, 5, 26, 8, 22, 11, ___

3, 6, 5, 10, 9, 18, 17, ___

Haya si ya aina moja. Katika la kwanza mna mifuatano miwili iliyosukwa pamoja: 2, 5, 8, 11 unaopanda kwa 3, na 30, 26, 22 unaoshuka kwa 4, jibu ni 18. Katika la pili mfuatano ni mmoja, ila kanuni ni mbili zinazopokezana: zidisha kwa 2, kisha toa 1, jibu ni 34. Anayelitenganisha la pili katika mifuatano miwili ataona 3, 5, 9, 17 na 6, 10, 18, na kwa bahati atafika kulekule kwa njia ndefu. Lakini mwalimu anayetaka kufundisha njia anahitaji majina mawili. Twapendekeza la kwanza liitwe "mfuatano pacha" na la pili "mfuatano wa kupokezana".

Neno linalodanganya kuliko yote ni "ruka". Kitabu kilieleza kwamba kutoka J kwenda L "umeruka herufi mbili". Mtoto yule alisema ameruka moja. Mtoto ndiye aliyesema Kiswahili. Aliyeruka dimbwi moja ameliacha dimbwi nyuma yake. Hakulihesabu na ardhi aliyoangukia. Mtafsiri alikusudia kusema kwamba umesogea nafasi mbili. Basi na iwe hivyo: "ruka" litumike kwa vinavyoachwa katikati, na "sogea" kwa idadi ya hatua mpaka pa kufikia. Kutoka J hadi L umeruka herufi moja. Umesogea nafasi mbili. Tofauti hiyo ya moja imetosha kumharibia jibu mtahiniwa aliyeelewa kila kitu kingine.

Kuna na jambo la agizo lenyewe. "Andika namba inayofuata" ladhani kwamba ipo moja tu. Tukipewa 2, 4, 8, anayezidisha kwa 2 atasema 16, na anayeongeza 2, kisha 4, kisha 6, atasema 14. Wote wawili wana kanuni. Hata mfuatano mrefu zaidi hausalimiki. Chora duara, weka alama ukingoni, unganisha kila alama na kila alama nyingine, kisha hesabu sehemu nyingi kadiri ziwezavyo kupatikana ndani ya duara: kwa alama moja hadi tano utapata 1, 2, 4, 8, 16, lakini kwa alama sita utapata 31, si 32. Kwa hiyo agizo lisomeke, "Tafuta kanuni iliyo rahisi, kisha andika namba inayofuata kwa kanuni hiyo," na mtungaji atoe namba za kutosha kuzifunga njia nyingine zilizo wazi.

5. Alfabeti ipi?

Turejee kwenye S ya mtoto. Alfabeti ya Kiswahili Sanifu, kama inavyopangwa kwa kawaida, ina herufi 24 tukiihesabu Ch kuwa moja: a, b, ch, d, e, f, g, h, i, j, k, l, m, n, o, p, r, s, t, u, v, w, y, z. C haisimami peke yake; Q na X hazimo, na maneno yaliyokuja nazo tumeyaandika kwa sauti zetu, kama teksi na boksi. Wako wanaohesabu pia dh, gh, kh, ng', ny, sh na th kuwa ni herufi kamili, na hapo jumla hufika 31.

Matokeo yake kwa maswali haya si madogo. Chukua mfuatano A, C, F, J, O, ___, ambamo unasogea nafasi 2, kisha 3, 4, 5, na mwisho 6. Katika alfabeti ya Kiingereza utafika U. Katika yetu ya herufi 24, ukisoma Ch mahali pa C, utafika V. Chukua jozi za mwanzo na mwisho: Kiingereza hutoa AZ, BY, CX, DW, Kiswahili hutoa AZ, BY, ChW, DV. Tukizihesabu dh na gh, hata D na E hazikai tena pamoja.

Yuko atakayesema kwamba mtoto wa leo anazijua Q na X, kwani huziona kwenye vitufe vya simu na kwenye namba za magari. Huko Kenya KBQ na KCX zimepita barabarani, na kila mtu ajua kwamba baada ya KBZ ilikuja KCA. Hatukatai. Lakini kuijua sura ya herufi si kujua mahali pake katika mpango, na kuujua mpango wa pili si kuambiwa kwamba ndio unaotakiwa sasa. Swali lenye CX ndani yake hujitambulisha lenyewe. Swali la J, L, N, P halikuwa na dalili yoyote.

Jambo hili si geni kwetu. Wanaosoma herufi za Kiarabu wanajua kwamba zina mipango miwili. Ule wa chuoni huanza alifu, be, te, the, jimu. Ule wa abjadi, ambao kila herufi hupewa thamani ya namba, huanza alifu, be, jimu, dali: 1, 2, 3, 4. Ukimwuliza msomi wa pwani ni herufi gani inayofuata be, hatajibu kabla hajakuuliza, "Kwa mpango upi?" Neno letu "abjadi" limetoka katika mpango huo wa pili. Hiyo ndiyo adabu ya kielimu tunayoitaka kwa watungaji wa mitihani.

6. Yasiyotafsirika

Kuna mifuatano ambayo haitafsiriki hata kidogo. Kitabu kilikuwa na swali hili: O, T, T, F, F, S, S, E, ___, na jibu likatolewa kuwa N, bila ya maelezo. Herufi hizo ni za mwanzo wa majina ya namba kwa Kiingereza, kuanzia moja hadi nane. Mtoto anayesoma kwa Kiswahili hana njia ya kufika hapo isipokuwa kwa kubahatisha.

Mtafsiri aliyezoea kuheshimu maandishi ya asili atasema kwamba amekuwa mwaminifu. Lakini katika swali la mfuatano kinachopaswa kuhifadhiwa si herufi, bali kazi ya akili inayotakiwa na kiasi cha ugumu wake. Uaminifu wa kweli ungekuwa kutunga upya: M, M, T, N, T, S, S, N, ___, K. Anayehesabu moja hadi kumi kimoyomoyo ataijaza T ya tisa.

Lugha yetu, tena, ina mifuatano yake tele. Mtungaji anaweza kutumia silabi: ba, che, di, fo, gu, ha, ___, ambamo konsonanti zinasogea kwa mpango wa alfabeti huku irabu zikizunguka a, e, i, o, u, jibu ni je. Anaweza kutumia siku: leo, kesho, keshokutwa, mtondo, ___, mjibuji aseme mtondogoo. Anaweza kutumia ukoo: mtoto, mjukuu, kitukuu, ___, mjibuji aseme kilembwe. Anaweza kutumia saa: saa 1, saa 4, saa 7, saa 10, ___, mtoto akijibu saa 13 amefuata namba akaisahau saa, kwani saa hurudi kwenye 1. Hata majina ya siku za juma ni swali zuri: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano zimebeba hesabu moja hadi tano, kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu nayo ina tano ndani yake. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini tano imetokea mara mbili, atakuwa amefikiri kweli.

7. Mapendekezo

Tunawawekea wasomaji istilahi zifuatazo ili zijadiliwe:

Mfuatano: namba, herufi au vitu vilivyopangwa kimoja baada ya kingine kwa kanuni.

Mfululizo: namba au vitu vinavyofuatana bila ya kuachwa kimoja katikati. Neno hili lisitumike kama jina la aina ya swali.

Kanuni: maelezo ya jinsi kila kimoja kinavyopatikana kutokana na kilichotangulia au kutokana na nafasi yake.

Tofauti za tofauti: namba zipatikanazo kwa kutoa kila tofauti katika ile inayoifuata.

Mfuatano pacha: mifuatano miwili iliyosukwa pamoja, mmoja katika nafasi witiri na mwingine katika nafasi shufwa.

Mfuatano wa kupokezana: mfuatano mmoja wenye kanuni mbili au zaidi zinazotumika kwa zamu.

Kuruka: kuacha katikati; huhesabiwa kwa vilivyoachwa.

Kusogea: kwenda kutoka nafasi moja hadi nyingine, huhesabiwa kwa hatua.

Kwa watungaji na watafsiri tunaongeza mashauri mawili. Karatasi yoyote yenye mifuatano ya herufi ichapwe alfabeti inayotumika juu kabisa ya maswali. Kama hilo haliwezekani, herufi zitumike kuanzia D hadi P tu. Katika sehemu hiyo ya herufi 13 alfabeti yetu ya herufi 24 na ile ya Kiingereza hukubaliana kwa mpango, na mtungaji ahakikishe kwamba na jibu halivuki P.

8. Hitimisho

Huenda msomaji akaona kwamba tumelipa swali moja la mtoto uzito mkubwa mno. Lakini maswali haya hayaishii katika vijitabu vya mazoezi. Majaribio ya aina hii hutumiwa pia kuchagua watu, na aliyeangushwa na jaribio la namna hiyo haambiwi kwamba alikosa alfabeti. Huambiwa kwamba alikosa uwezo, naye hulisadiki hilo. Mstari mmoja wa herufi juu ya karatasi ungetosha kumwepusha na hukumu hiyo.

Mwalimu aliyetuletea karatasi alirudi shuleni, akamfutia mtoto ile alama ya kosa. Tunawaomba walimu wengine wenye maswali ya namna hii, na watafsiri waliokumbana nayo, watuletee mifano yao pamoja na maoni juu ya istilahi tulizozipendekeza.